Mgeni kutoka Kigali

Sisi wa Vuhovi tumezoea kupokea: vita vinapowafukuza ndugu zetu, tunagawana mkeka na sahani ya ugali. Hao ni wetu. Lakini mtu wa nchi tunayoihofia?

Mwezi wa Novemba 2012, jumuiya ya Taizé iliwakusanya vijana mjini Kigali, tarehe 14 hadi 18. Vijana wa Kongo walilala katika nyumba za Wanyarwanda, wakala nao, wakasali nao. Tarehe 20, M23 iliteka Goma. Twawawaza wale wenyeji: vitanda vya wageni havijakunjwa vema, na redio inasema hivyo.

Je, vijana, msichana wa Kigali akitujia leo kusali, tutamlaza nyumbani kwa nani?