Zeze la Marehemu Baba

Zeze la marehemu baba yetu lililiwa na mchwa. Hatukulijua jambo hilo mpaka tulipolitoa ghalani, miezi miwili na ushei kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ili wanafunzi wetu wapate kulipiga huku wenzao wakighani utenzi. Mti ulikuwa vumbi tupu kwa ndani, na ngozi imejikunja mithili ya jani kavu la mgomba. Tulilishika mkononi tusijue la kutenda.

Wenzetu wa pwani huenda wakauliza ni zeze gani hili. Hapa Buganda huitwa endingidi, nalo lina uzi mmoja tu. Kipande cha mti huchimbwa mfano wa kinu kidogo kisicho na kitako, kikawambwa ngozi upande wa juu. Kijiti kirefu hupenyezwa ubavuni kikawa ndiyo shingo. Uzi hutoka kwenye kigingi, hupita juu ya daraja dogo lililokaa juu ya ngozi, ukafungwa kwenye ncha ya chini ya kijiti. Hupigwa kwa upinde, kama fidla ya taarabu, ila kidole cha mpigaji hakiukandamizi uzi hata ukagusa shingo. Huugusa ungali hewani. Ndiyo maana sauti yake huteleza na kuomboleza. Wanafunzi aghalabu hudhani ni ala ya tangu zama za kale, ilhali waliochunguza muziki wa Buganda wasema ilizuka mwanzoni mwa karne ya 20. Ni changa, basi, kuliko reli iliyofika ziwani mwaka 1901.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Tulikwenda Kampala, kwenye vibanda vya vitu vya watalii, tukanunua zeze lenye nakshi za kupendeza. Tulipolipiga lilikoroma. Ngozi ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na kigingi hakikuweza kuuzuia uzi hata kwa muda wa ubeti mmoja. Hatumlaumu muuzaji, yeye aliuza kitu cha kutundika ukutani, wala sisi hatukumwuliza kama kinaimba.

Ndipo jirani yetu alipotuelekeza kwa fundi mmoja mtu mzima, upande wa Mpigi, kwenye barabara ya Masaka, sehemu ijulikanayo kwa mafundi wa ngoma. Tulimpa zeze la baba, tukasema, "Mzee, twataka lililo sawa na hili, na sauti iwe ile ile."

Aliligeuzageuza, akaligonga kwa ukucha. "Baba yako alilipiga miaka mingapi, Mwalimu?"

"Yapata 30."

"Mti ninao, ngozi ninayo, na uzi ninao. Hiyo miaka 30 siuzi."

Tuliona ametudharau, tukaondoka bila kuagiza kitu.

Njiani tulikumbuka habari tuliyoisoma juu ya fidla za Ulaya. Mwaka 2010, mjini Indianapolis, Marekani, wapigaji 21 walivishwa miwani ya giza, wakapewa fidla sita. Tatu zilikuwa mpya. Tatu zilikuwa za kale, na mbili kati ya hizo za Stradivari, yule fundi wa Cremona aliyefariki mwaka 1737, ambaye kazi zake huuzwa kwa mamilioni ya dola. Wengi wao walishindwa kutambua ipi ni ya kale. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Habari hiyo tulikuwa tumeisimulia darasani kwa majivuno, kana kwamba sisi wenyewe tungalizitambua. Sasa ilitukaba koo. Kusema kweli, tulikuwa tukimtafuta baba, na fundi hakuwa naye.

Tulirudi baada ya juma moja. Safari hii fundi aliuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza: nani atakayelipiga? Tukamletea msichana wa kidato cha pili. Alimpima mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, akaikata shingo ya zeze fupi kuliko ile ya baba. Bei ilikuwa shilingi 80,000, nusu yake tukalipa papo hapo. Ngozi ya mbuzi ilichelewa kukauka kwa sababu ya mvua za Mei. Tulipomsihi aianike karibu na moto alikataa katakata, akisema itapasuka. Tulingoja. Huku nyuma darasa letu lilibishana siku mbili nzima kama tuseme uzi, kamba au waya, maana baba alitumia katani na fundi ametumia nailoni.

Siku ya tarehe 7 msichana aliupaka upinde utomvu, akapiga. Sauti ilikuwa nyembamba, kali kidogo, yenye kutetemeka. Mama yetu, aliyeketi safu ya mbele, alituinamia akanong'ona, "Silo lake." Kisha utenzi ulipokwisha, na watu wakiinuka, alimwita yule mtoto akamwomba ampigie tena.

Fundi ametuagiza tumrudishie zeze kiangazi kikiisha, aikaze ngozi. La baba tumelipulizia dawa ya mchwa, nalo sasa limo kabatini, mbali na sakafu.