Kurejesha si Kurudufu

Ndani ya kompyuta za majumbani mwetu mna vitenzi viwili ambavyo watumiaji wengi huvichanganya: kurejesha na kurudufu. Anayerejesha hukirudisha kitu katika hali iliyokuwapo. Anayerudufu hukifanya kimoja kuwa viwili. Tofauti hii ningeweza kuifundisha kwa dakika tano ubaoni, lakini mwenye mswada wa miaka ishirini ndani ya mashine akiikosea, huenda asiuone tena mswada huo.

Lipo na neno la tatu, chelezo, ambalo baadhi ya wafasiri wa programu wamelitumia kwa maana ya nakala ya akiba. Watu wa bahari wanalijua tangu zamani: ni kile kielea kinachobaki juu ya maji kuonyesha nanga au mtego ulipo chini. Asili yake ni kuelea. Naliona neno hili limechaguliwa vyema, kwa kuwa limebeba sharti la kazi yenyewe. Chelezo kinachozama pamoja na dema si chelezo tena.

Mwaka jana nilipigiwa simu na mjane wa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Marehemu alikuwa mtunzi asiyependa kujitangaza. Diwani yake aliichapa mwenyewe usiku kwa usiku, katika kompyuta ya mezani iliyokuwa chumbani kwake. Miezi michache baada ya mazishi, umeme ulikatika mashine ile ikiwa katikati ya kusasisha mfumo wake. Tangu siku hiyo ilikuwa inawaka, inazunguka, kisha inazima. Fundi wa kwanza alishauri ifutwe yote iwekwe upya.

“Shemeji,” mama yule aliniambia, “mimi sina haja na mashine. Nataka maneno ya mwenzangu.”

Nilimwomba mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi, tufuatane. Baada ya kushindwa kuwaka mara mbili, mara ya tatu kompyuta ilifungua ukurasa wa buluu wenye orodha ya njia za kujiponya. “Mwalimu,” alisema kijana, “hapa kila mlango una kazi yake. Tusifungue kwa pupa.”

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kutengeneza uwakaji. Mashine ilijipekua kwa muda, ikakiri kushindwa. Wa pili ulikuwa wa kurejesha mfumo, kipengele ambacho Windows imekuwa nacho tangu toleo la Windows Me la mwaka 2000. Hiki huhifadhi alama za nyakati, na mtumiaji huweza kuirudisha mashine kwenye mojawapo. Hatukukuta alama hata moja, maana ulinzi huo haukuwa umewashwa, kama ilivyo katika kompyuta nyingi. Hata hivyo, kijana alinieleza jambo ambalo nataka kila mtunzi alishike: alama hizo hugusa faili za mfumo, mipangilio na programu. Hazikuwekwa kwa ajili ya nyaraka zako. Shairi ulilolifuta jana halirudi kwa kurejesha mfumo kwenye hali ya juzi.

Mlango wa tatu ulikuwa wa kuiweka kompyuta upya, nao una njia mbili: kubakiza faili za mtumiaji au kuondoa kila kitu. Ile ya kwanza hubakiza nyaraka lakini huondoa programu ulizoziweka mwenyewe. Kijana aliusoma ukurasa ule, akaufunga. “Huku hatuendi kabla ya kunakili.”

Alichomeka flashi yenye mfumo wa Ubuntu, akaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo bila kuandika chochote kwenye diski yake. Kwa bahati diski haikuwa imefungwa kwa ufunguo wa siri, hivyo folda za marehemu zilionekana zote. Tulizihamishia nakala kwenye diski ya nje, tukaifungua diwani katika kompyuta nyingine na kuisoma kurasa kadhaa kuhakikisha kwamba ni nzima. Hapo ndipo tulipoiweka mashine upya.

Jioni ile niliilinganisha na nakala aliyonitumia kwa barua pepe mwaka 2019. Mashairi thelathini na moja hayakuwamo katika ile ya zamani. Katika yale yaliyokuwamo, kuna ubeti mmoja niliokuwa nimemlalamikia kwamba kina chake cha kati kimelazimishwa. Hakuwahi kunijibu. Kumbe alikwisha kuuandika upya, na sasa unatiririka kama maji. Lau tungetegemea nakala yangu, tungemchapisha rafiki yangu kama alivyokuwa mwaka 2019, na kazi ya miaka yake ya mwisho ingezikwa naye. Nakala ya akiba isiyohuishwa huokoa mwandishi wa zamani tu.

Ushairi wetu uliyajua haya kabla ya umeme. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940, karne nzima baadaye. Tungo zake zilivuka muda huo kwa sababu watu walizihifadhi vifuani, na kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuziandika akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Vifua vingi na karatasi kadhaa: hizo zilikuwa nakala rudufu za wakati ule.

Kwa zama zetu iko kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, nayo hukaririka kama vina: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mtunzi, hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni au flashi iliyo kwa ndugu wa mbali. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili, isije ikapigwa na hitilafu ileile ya umeme. Tena hifadhi ya mtandaoni inayolingana na kompyuta kila dakika isitegemewe peke yake, kwani ukifuta huku, na kule hufutika. Windows ina kipengele cha historia ya faili kinachotunza matoleo ya nyaraka kila saa kwenye diski ya nje, lakini sharti ukiwashe mwenyewe. Na mara mojamoja fungua nakala yako uisome. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni ahadi tu.

Diwani ya rafiki yangu sasa ipo mahali patatu, na mjane wake ameanza kuitafutia mchapishaji. Nami nimebaki na swali la lugha kwenu wenzangu: kitu hiki tukiite nakala rudufu, nakala ya akiba, au tukirudishie heshima neno la baharini, chelezo? Nangoja hoja zenu.