Simu ya nyumbani isikuangushe usiku
Mama, zamu za usiku nimesikia sana hii: "Nesi, tulichelewa, simu ilikataa." Kama unatumia simu ya mezani isiyo na waya, ikague leo, usingoje degedege la saa nane usiku.

Haichaji? Chomoa kitako chake kwenye umeme, futa vile vyuma vidogo vya kuchajia kwa kitambaa kikavu. Chaji haikai? Betri imechoka, nunua ya aina ileile. Ukibonyeza husikii mlio? Kandamiza waya wa laini nyuma ya kitako. Inakwaruza? Isogeze mbali na maikrowevu.

Na umeme ukikatika, kitako kinazima, simu haipigi hata ikiwa na chaji. Kwa hiyo weka na kitochi chenye salio karibu na kitanda, namba ya hospitali ukutani. Dada naye ajue kupiga.