Nyayo za Arthur Ashe, kutoka Richmond hadi Wimbledon

Mpenzi wa kandanda hufuata timu. Wachezaji huzeeka wakaondoka na wengine wakaja mahali pao, lakini jezi hubaki ileile, na mtoto huirithi kwa baba yake. Mpenzi wa tenisi hana bahati hiyo. Yeye humchagua mtu mmoja, akafurahi mtu huyo anaposhinda na kuhuzunika anaposhindwa, hadi siku magoti yanapokataa au moyo unapochoka. Kwa hiyo anayemfuata mchezaji wa tenisi hufuata maisha ya binadamu, na maisha ya binadamu yana mahali yalipoanzia.

Wengi wetu tulianza kumfuata Arthur Ashe kabla hatujaona mechi hata moja ya tenisi. Katika miji yetu mchezo huo ulikuwa wa ndani ya ua, na mtoto wa mfanyakazi aliujua kwa kuokota mipira ya wakubwa. Jina la Ashe lilitufikia kwa redio, na kwa magazeti yaliyokuwa yamekwisha pita mikono mingi. Tulisikia kwamba yupo Mmarekani Mweusi, mwembamba, mwenye miwani, anayewashinda Wazungu katika mchezo wao wenyewe na ambaye hapayuki wala hatupi raketi chini. Tulimfanya ndugu yetu bila kumwuliza, na undugu wa namna hiyo una madai yake.

MJI ULIOMZAA

Anayetaka kumwelewa Ashe na afike kwanza Richmond, katika jimbo la Virginia. Ni jiji lililo kando ya mto James, na kati ya mwaka 1861 na 1865 lilikuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita ili kuulinda utumwa. Majimbo hayo yalishindwa, lakini majemadari wake walitukuzwa. Kuanzia mwaka 1890, katika barabara pana iitwayo Monument Avenue, yalisimamishwa masanamu makubwa ya Robert E. Lee na wenzake, wengi wao wakiwa juu ya farasi.

Katika jiji hilo ndimo alimozaliwa Arthur Ashe, tarehe 10 Julai, 1943. Baba yake alikuwa mtunzaji na askari wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengwa kwa ajili ya watu Weusi, na familia iliishi katika nyumba iliyokuwa mle mle bustanini. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950, mtoto akiwa na umri wa miaka sita tu. Viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwao, na mtoto yule aliyeondokewa na mama akapata kimbilio katika kupiga mpira. Kijana mmoja mchezaji hodari, Ron Charity, akamwonyesha jinsi ya kuishika raketi.

Msafiri anayekwenda leo kuitafuta bustani ya Brook Field hataiona. Mahali pake pana jengo la posta. Mwaka 2005 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu yenye sura ya Ashe. Hivyo pale alipojifunza mchezo watu hutuma barua, na pengine wamewahi kuzituma kwa sura yake, bila kujua kwamba wanakanyaga uwanja wake.

Upande mwingine wa jiji ipo bustani iitwayo Byrd Park, yenye viwanja vya tenisi vizuri. Ashe alifika huko utotoni kutaka kucheza, akarudishwa kwa sababu ya rangi yake. Msomaji na aishike bustani hiyo akilini, kwa maana tutairudia.

SHULE YA UVUMILIVU

Kutoka Richmond nyayo zinaelekea magharibi hadi mji wa Lynchburg. Huko aliishi Dakta Robert Walter Johnson, tabibu Mweusi aliyejenga uwanja wa tenisi nyumbani kwake na kuwafundisha watoto Weusi wakati wa likizo. Mwanafunzi wake wa awali, Althea Gibson, alitwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 1957 na 1958.

Sheria za daktari huyo zilikuwa kali. Mpira wa mpinzani ukianguka nje ya mstari kwa vidole viwili, uhesabu kuwa umeingia. Usibishane na mwamuzi. Waokotee mipira wapinzani wako na uwape kwa adabu. Hayakuwa malezi ya unyonge. Daktari alijua kwamba wenye mashindano walikuwa wakitafuta kisingizio cha kuwafukuza watoto wake, naye alikusudia wasikipate. Wengi waliomsifu Ashe baadaye kwa upole walidhani amezaliwa nao, kumbe alifundishwa kama askari afundishwavyo kujificha.

Mwaka 1960 akahamia St. Louis kumalizia sekondari, kwa kuwa Richmond haikuwa na nafasi kwa kijana Mweusi kufanya mazoezi mwaka mzima. Kisha akasoma Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akahitimu mwaka 1966. Mwaka 1963 alikuwa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis.

Septemba 1968, akiwa luteni wa jeshi, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani huko Forest Hills, New York, kwa kumfunga Tom Okker wa Uholanzi katika seti tano. Kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, zawadi ya dola 14,000 alipewa aliyeshindwa, naye bingwa akaambulia posho yake. Baba yake, yule mtunza bustani, aliingia uwanjani na kumkumbatia huku machozi yakimtoka.

SWALI LA JOHANNESBURG

Tangu mwaka 1969 Ashe aliomba ruhusa ya kwenda kucheza Afrika Kusini, na Makaburu wakamkatalia. Aliomba tena, wakakataa tena. Akapiga kelele hadharani, na mwaka 1970 Afrika Kusini ikaondolewa katika Kombe la Davis. Mwaka huo huo alizuru nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania, pamoja na mchezaji mwenzake Stan Smith. Mwaka 1971 alirudi tena barani, na huko Yaoundé, Kameruni, akamwona mtoto wa miaka 11 aliyepiga mpira kwa nguvu za ajabu. Alimpigia simu kiongozi wa tenisi wa Ufaransa, na mtoto akapelekwa huko kufundishwa. Jina lake Yannick Noah. Mwaka 1983 alikuwa bingwa wa Ufaransa katika uwanja wa Roland Garros.

Hadi hapo mashabiki wake wa huku hawakuwa na neno. Lakini mwaka 1973 Makaburu walimpa viza, naye akaenda Johannesburg.

Ndugu msomaji, ni lazima tukumbuke hali ya wakati ule. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliishi miongoni mwetu, na walichokuwa wakiuomba ulimwengu ni jambo moja: msicheze nao, msifanye nao biashara, watengeni. Iweje basi ndugu yetu aende kuwachezea? Watu wengi Weusi walimlaumu, wakiwamo baadhi ya vijana wa Afrika Kusini yenyewe waliomwambia ana kwa ana kwamba ziara yake inawapamba watesi wao.

Ashe alikuwa na hoja yake. Alidai kwamba katika uwanja wa Ellis Park watazamaji wasitengwe kwa rangi, na alitaka kuiona nchi kwa macho yake mwenyewe. Alifika fainali akashindwa na Jimmy Connors, lakini yeye na Okker wakatwaa ubingwa wa wawili wawili. Ahadi ya viti haikutimizwa kama alivyoitaka, kwani Waafrika wengi bado walikaa upande wao.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Katika kitongoji cha Alexandra aliishi kijana aitwaye Mark Mathabane, mtoto wa nyumba ya dhiki kubwa, ambaye alifika Ellis Park kumtazama Ashe. Kwa mara ya kwanza alimwona mtu Mweusi anayezungumza na Wazungu bila kuinamisha kichwa. Kijana huyo naye akashika raketi, na mwaka 1978 tenisi ikampeleka kusoma Marekani. Kitabu alichokitoa mwaka 1986 kuhusu utoto wake kiliufahamisha ulimwengu maisha ya vitongoji vile.

Je, ziara ile ilikuwa kosa au sivyo? Shabiki anayependa kwa haki hana budi kuyashika yote mawili. Waliokuwa wakiomba Makaburu watengwe walikuwa na haki, na historia imewathibitisha. Kijana wa Alexandra naye alipata kitu ambacho hakuna azimio la mkutano lililoweza kumpa. Ashe mwenyewe hakung’ang’ania msimamo wake wa kwanza. Mwaka 1983 yeye na mwimbaji Harry Belafonte walianzisha umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, na mwaka 1985 alikamatwa na polisi mjini Washington alipoandamana mbele ya ubalozi wa nchi hiyo. Tuliomlaumu mwaka 1973 tulimwona sasa amesimama pale tulipotaka asimame, naye alikuwa amefika kwa miguu yake mwenyewe.

JUMAMOSI MOJA WIMBLEDON

Tarehe 5 Julai, 1975, Ashe aliingia kwenye uwanja mkuu wa Wimbledon kupambana na Connors. Connors alikuwa na umri wa miaka 22, bingwa mtetezi, na alikuwa amemfungulia Ashe kesi mahakamani. Ashe alikuwa amebakiza siku tano atimize miaka 32. Karibu kila mtu alitabiri kwamba angeaibishwa.

Siku zote Ashe alikuwa mpigaji wa mipira ya kasi. Siku hiyo aliuacha mchezo wake. Alijua kwamba Connors hula nguvu za mpinzani, basi akamnyima chakula: mipira ya polepole, ya chini, ya pembeni, na mingine ya juu inayompita kichwani. Walipobadilishana upande alikaa kitini akafumba macho, kana kwamba yuko peke yake. Seti mbili za kwanza zilikwisha 6–1, 6–1. Connors akapata ya tatu, 7–5, lakini ya nne Ashe akaimaliza 6–4. Mweusi wa kwanza mwanamume kutwaa ubingwa huo akageuka, akawatazama wenzake waliokuwa jukwaani, akainua ngumi. Huko ndiko yalikokwenda mafunzo ya Lynchburg: mtu aliyefundishwa kuficha hasira ndiye aliyeweza kuificha hata nguvu yake.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1979 moyo ulimshika, akapasuliwa, na mwaka 1980 akastaafu. Alipasuliwa tena mwaka 1983, na damu aliyoongezewa hospitalini ikamwambukiza virusi vya UKIMWI, jambo alilogundua mwaka 1988. Tarehe 8 Aprili, 1992, baada ya gazeti moja kuipata habari hiyo, ilimbidi aitangaze mwenyewe. Alipofika pa kumtaja binti yake mdogo sauti ilimkatika, na mkewe Jeanne akaendelea kusoma kwa niaba yake. Familia nyingi za Afrika Mashariki, zilizokuwa zikizika watu wao miaka hiyo hiyo bila kulitaja jina la ugonjwa, zilielewa uzito wa dakika ile. Hakujifungia ndani. Septemba mwaka huo alikamatwa tena, mbele ya Ikulu ya Marekani, akiwatetea wakimbizi wa Haiti. Alifariki tarehe 6 Februari, 1993, akiwa na umri wa miaka 49.

Mwili wake ulirudishwa Richmond, ukalazwa katika makazi rasmi ya gavana ili wananchi wapite kumuaga. Tangu mwaka 1863, alipolazwa humo jemadari Stonewall Jackson, hakuna mwingine aliyepewa heshima hiyo. Kisha akazikwa katika makaburi ya Woodland, kando ya Mattie, mama yake.

Mwaka 1996 sanamu lake lilisimamishwa katika Monument Avenue, baada ya mabishano makali. Baadhi ya Wazungu walisema hapo ni pa majemadari tu. Baadhi ya Weusi walisema si heshima kumsimamisha pamoja na watetezi wa utumwa. Sanamu linamwonyesha ameinua vitabu kwa mkono mmoja na raketi kwa mkono mwingine, na vitabu viko juu zaidi. Watoto wamemzunguka. Kati ya mwaka 2020 na 2021 majemadari wote wa barabara hiyo waliondolewa, Lee akiwa wa mwisho. Ashe amebaki.

Lakini shabiki mwenye muda mchache apite asimame kwingine. Tangu mwaka 2019 barabara kuu nyingine ya Richmond inaitwa Arthur Ashe Boulevard. Ukiifuata kuelekea kusini, inakufikisha Byrd Park, kwenye viwanja vile vile alikorudishwa. Hakuna mlinzi wa kuuliza rangi ya mtu. Mwenye raketi huingia akacheza, na akitaka kumwelekeza rafiki njia ya kufika huko, hana budi kulitaja jina la mtoto aliyefukuzwa.