Dawa ya Ijumaa

Zamani ukinitafuta siku ya Ijumaa baada ya saa kumi na moja jioni, usingehangaika kupiga simu. Ungekuja tu baa. Ungenikuta na wenzangu wa ofisini tumezunguka meza, chupa zimepangana kama magari kwenye foleni, na kila mmoja anasema, "Hii ya mwisho jamani!" Hiyo ya mwisho ilikuwa haiishi. Nyumbani nafika saa sita usiku, mke wangu kalala, chakula kimefunikwa mezani. Hakunigombeza hata siku moja, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani mambo shwari.

Mpenzi msomaji, mwanamke akinyamaza usishangilie.

Basi nikapata safari ya kikazi kwenda Nairobi. Wenyeji wetu wakatupeleka Carnivore, ule mgahawa wa nyama choma uliofunguliwa mwaka 1980. Nyama haijafika, akaja kijana na trei, akaanza kutuchanganyia kinywaji pale pale mezani: vipande vya ndimu, sukari, barafu, vodka, na kijiti kilichozungushiwa asali. Kokteli hiyo wanaiita dawa. Chimbuko lake ni caipirinha ya Brazil, inayotengenezwa kwa cachaça, pombe kali ya miwa. Wakenya wao wakatia vodka na asali.

Kusema kweli kilichonishika ni kile kijiti. Ukikoroga kidogo, kinywaji kinabaki kikali na chachu. Ukiendelea kukoroga, asali inaachia na utamu unapanda. Unaamua mwenyewe. Nilikaa karibu saa nzima na glasi moja. Mimi huyu!

Ijumaa iliyofuata nikapitia sokoni badala ya baa. Mke wangu aliponiona mlangoni saa kumi na mbili, mfuko wa ndimu mkononi, akashtuka. "Kuna msiba?"

Nikamwambia leo baa imehamia jikoni. Nikajifanya fundi: barafu kwenye glasi, ndimu, Konyagi, halafu asali juu. Asali yote ikaenda kulala chini, ngumu kama gundi. Mwenzangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Asali unaitia kwenye barafu? We mwanaume!" Akachukua kijiko, akaiyeyusha kwanza kwa maji ya moto kidogo, akatwanga na kipande cha tangawizi, akachuja.

Tangu hapo kipimo chetu ni hiki: Konyagi toti moja ya mililita 30, maji ya ndimu moja kubwa, kijiko kikubwa cha asali iliyoyeyushwa, tangawizi upendavyo. Vitie kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na barafu, funga vizuri, tikisa mpaka mkono usikie baridi. Mimina, jazia soda. Toti usiikadirie kwa macho. Konyagi ina kilevi asilimia 35, na asali inaficha ukali wake. Ukimimina kwa mazoea ya baa, utashtukia kwenye kuinuka.

Tulikaa barazani na glasi zetu. Nadhani ni kwa sababu hakukuwa na muziki wa kupigiana kelele, au kwa sababu tulikuwa tumetoka kucheka. Akasema, "Unaviona vile viduara kwenye kalenda ya jikoni?"

Niliviona siku zote. Nilidhani ni tarehe za kununua gesi.

"Ni Ijumaa nilizolala peke yangu. Ziko kumi na tisa."

Sikuwa na la kujibu. Barafu iliyeyuka yote kwenye glasi yangu.

Miezi ikapita, tukawa na Ijumaa yetu. Kuna siku tulitia pasheni, siku nyingine nanasi, na siku moja embe bichi ambalo sitaki hata kulikumbuka. Halafu jioni moja akasogeza glasi yake pembeni. "Yangu leo usitie Konyagi." Nikamtazama, akatabasamu, nikaelewa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mama mjamzito, kwa hiyo hapo hapakuwa na mjadala.

Yake nikaichanganya kwa maji ya ukwaju, tangawizi nyingi, asali, ndimu na soda. Glasi mbili, rangi karibu moja. Tukapiga stori za majina ya mtoto, nikafika nusu ya glasi, ndipo nikagundua nimeshika ya kwake. Nusu nzima, na sikuwa nimekosa kitu! Jamani, miaka yote ile niliapa kwamba bila pombe Ijumaa hainogi.

Sijaacha kunywa, nisikudanganye. Ila siku hizi najua ninachokipenda: kukamua ndimu, kelele za barafu kwenye chupa, na mtu wa kumwuliza, "Imekolea?" Wewe na mwenzio jaribuni Ijumaa hii, yenye kilevi au isiyo nacho. Kama mtatoka nje baadaye, aliyekunywa asishike usukani.

Kalenda ya jikoni bado ipo, na bado ina viduara. Sasa ni tarehe za kliniki.