Sufuri Iliyokula Nguru

Mkinicheka, chekeni polepole.

Likizo ya Agosti nilikuwa nikimwandikia mjomba hesabu ya samaki hapa Malindi, upande wa Shela, yeye akiosha mashua. Tajiri alipima nguru akatamka, "Nne nukta tano." Nami mbio nikaandika 4.05! Nilifuata mtindo wa pesa: shilingi nne na senti tano si huandikwa hivyo? Tajiri akalipa kwa karatasi yangu, kilo shilingi 400, akaondoa gari. Kama alijua, Mungu ndiye ajuaye.

Mjomba alihesabu noti, akaguna. "Mwanangu, nguru yule nimembeba mimi. Hapungui kilo nne na nusu."

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa hesabu alinichorea safu: mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Tano ikikaa mara tu baada ya nukta ni gramu 500. Itangulizie sufuri, inasukumwa hadi safu ya mia, inabaki gramu 50! Lakini sufuri ikija nyuma, 4.50, haiongezi kitu wala haipunguzi.

Zilipotea kilo 0.45, yaani shilingi 180. Mjomba hajanidai. Ila usiku ule petroli ya mashine haikutosha, na mashua ililala ufuoni.