Ufahamu: Kifungu Ambacho Sikukisoma

Hakuna mtihani wa Kiswahili unaokamilika bila ufahamu. Mwanafunzi hupewa kifungu, akakisoma, kisha akajibu maswali yanayokifuata. Nimefundisha ufahamu kwa miaka tisa tangu nilipopata stashahada yangu ya ualimu, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu maneno yaleyale: soma maagizo kwanza, soma kifungu chote, usibahatishe. Insha hii inahusu siku ambayo mimi mwenyewe sikusoma, nikabahatisha, na aliyeadhibiwa kwa kosa langu akawa paka wa mama yangu.

Mama anaishi kijijini, nje ya mji wa Mbarara, magharibi mwa Uganda. Kwetu ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na mtu hulelewa akijua kupe ni nini na dawa ya kuogeshea mifugo hunyunyizwa vipi. Paka ni habari nyingine. Paka huwekwa nyumbani kwa sababu ya panya, naye hujitafutia riziki yake. Paka wa mama anaitwa Mlinzi. Jina hilo alilipata kwa kazi: tangu afike, gunia la maharagwe halijatobolewa.

Nilipokwenda likizo ya Desemba, nilimkuta Mlinzi amekonda. Alijikuna bila kupumzika, na manyoya ya mgongoni, karibu na mkia, yalikuwa yamenyonyoka. Nilipoyapekua niliona chembe nyeusi kama unga wa makaa. Niliziweka chembe chache juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji, nazo zikatoa rangi nyekundu ya kutu. Hiyo ni dalili isiyodanganya: chembe hizo ni kinyesi cha viroboto, na rangi ile ni damu waliyokuwa wameinyonya.

Kiroboto si mdudu wa kupuuzwa. Akizidi mwilini mwa paka mchanga, humnyonya damu hata akaishiwa nguvu. Tena hubeba tegu wachanga wa aina fulani. Paka akimmeza kiroboto huyo anapojiramba, tegu humea tumboni mwake. Na viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya ukoo wote. Mayai yao huteleza kutoka kwenye manyoya, yakaanguka mkekani, katika nyufa za sakafu na mahali paka alalapo. Huko huanguliwa viluwiluwi, kisha hujifungia ndani ya vifukofuko, na waweza kungoja humo kwa miezi kabla ya kutoka kumtafuta wa kumnyonya. Mama alikuwa amempaka Mlinzi majivu mara tatu. Sasa mwanawe msomi amefika, na mama akatarajia jambo la kisomi.

Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo katika senta yetu. Nilikuwa nimesikia habari za dawa za matone, zile ambazo hudondoshwa juu ya ngozi ya ukosi, yaani sehemu ya nyuma ya shingo, zikaenea mwilini zenyewe bila kumwogesha mnyama. Nilimweleza muuzaji shida yangu.

"Mwalimu, ya paka imekwisha," akasema. "Lakini chukua hii ya mbwa mkubwa. Mwekee robo tu, basi. Wadudu ni walewale."

Maneno yale yalinishawishi, nami nataka kuwa mkweli kuhusu sababu zake. Kwanza, yalikuwa na chembe ya ukweli: kiroboto wa paka ndiye huyohuyo anayeonekana zaidi kwa mbwa. Pili, bei ilikuwa nafuu, kwa kuwa kichupa kimoja kingetumika mara nne. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, aliniita mwalimu mbele ya watu, nami sikutaka kuonekana mtu wa kuuliza maswali mengi. Tunawafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga. Siku ile nilinunua kwa sababu niliona haya kuuliza.

Saa kumi na moja jioni nilimshika Mlinzi, nikayatenga manyoya ya shingoni, nikamdondoshea robo ya kichupa. Boksi nililiweka dirishani. Sikulifungua ili nione karatasi iliyokuwa ndani.

Saa tatu usiku, tulipokuwa tukimaliza kula, mama alisema kwamba Mlinzi ana baridi. Niligeuka nikamwona akitetemeka karibu na jiko la moto. Halikuwa tetemeko la baridi. Masikio yalichezacheza, miguu ilirushwarushwa kama iliyoguswa na kitu cha moto, mate yalimtiririka, na alipojaribu kusimama aliyumba, akaangukia ubavu. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka hata rangi ya macho haikuonekana.

"Umemwekea nini?" mama akaniuliza.

"Dawa ya viroboto, mama."

"Karatasi yake inasema nini?"

Nililichukua boksi dirishani nikalisogeza karibu na taa. Kulikuwa na picha ya paka iliyopigwa mstari. Chini yake, kwa Kiingereza, kulikuwa na maneno ambayo nilimtafsiria mama kwa Kinyankole, sauti yangu ikipungua kila nilipoendelea: kwa mbwa pekee, usitumie kwa paka, ni sumu kwa paka.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe ilikuwa imeandikwa."

Hakusema zaidi ya hapo. Sijawahi kusahihishiwa kazi yangu kwa ukali kuliko ule.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo wa mjini. Aliniambia nimwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ili kuiondoa dawa iliyobaki kwenye ngozi. Alinikataza maji ya moto, kwa kuwa joto huweza kuifanya ngozi ivute dawa zaidi. Alinikataza pia kumnywesha maziwa au kitu chochote, kwa sababu mnyama anayetetemeka huweza kupaliwa. Nimkaushe, nimfunike, kisha nimlete bila kukawia. Mama alimshika, mimi nikamwosha. Tulimfunga ndani ya kitenge chake, nikapanda bodaboda nikiwa nimempakata kifuani, na njia nzima niliuhisi mwili wake ukiruka chini ya mikono yangu.

Daktari alimchoma sindano za kulegeza misuli na kuzuia degedege, akamtundikia maji ya mshipani. Aliniambia kwamba sumu hii haina dawa maalumu ya kuibatilisha. Linalowezekana ni kuituliza misuli na kuulinda mwili hadi wenyewe uiondoe sumu, na paka anayewahishwa ana matumaini makubwa kuliko anayengojewa mpaka asubuhi. Tulipokuwa tukingoja, alinieleza yale ambayo karatasi ingeniambia kwa mistari miwili.

Kemikali iliyokuwa katika dawa ile huitwa permethrini. Ilibuniwa na wanasayansi nchini Uingereza katika miaka ya 1970 kwa kuiga sumu ya asili iliyomo katika maua ya pareto, maua yaleyale ambayo majirani zetu wa Kenya, Tanzania na Rwanda hulima nyanda za juu. Huua wadudu kwa kuvuruga mishipa yao ya fahamu. Binadamu huivumilia vyema kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana hutiwa katika baadhi ya vyandarua vya kuzuia mbu. Mbwa naye huivumilia, kwa kuwa ini lake huivunjavunja na kuitoa. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo. Kwa hiyo kile ambacho mbwa hukitoa mwilini, paka hukaa nacho, na mishipa yake ya fahamu huvurugika kama ya mdudu. Tena dawa za mbwa za aina hii hutengenezwa kali sana, hata nusu ya kichupa au zaidi huwa ni permethrini tupu. Robo yake si "kidogo" kwa mnyama wa kilo tatu.

Muuzaji alisema wadudu ni walewale, na hilo ni kweli. Mgonjwa ndiye si yuleyule.

Mlinzi alitetemeka usiku ule wote na siku iliyofuata. Siku ya tatu alikunywa maji mwenyewe. Siku ya nne nilimrudisha nyumbani, na mama akampokea bila kunitazama.

Wiki chache baadaye, alipopata nguvu, daktari alitupatia dawa ya matone iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, yenye selamektini. Dawa hiyo huua viroboto na utitiri wa masikioni, na pia baadhi ya minyoo ya tumboni, ingawa haiui tegu. Tegu huhitaji dawa yake. Alinionyesha namna ya kuitumia, nami nawaandikia hapa kama alivyonionyesha.

Mpime paka uzito kwanza. Njia rahisi ni kusimama kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha ukasimama peke yako na kutoa hesabu. Chagua kichupa cha uzito huo, na uangalie umri, kwani nyingi za dawa hizi haziruhusiwi kwa paka aliye chini ya wiki 8. Tenga manyoya ya ukosi hadi uione ngozi yenyewe, kwa maana dawa iliyobaki juu ya manyoya ni dawa iliyopotea. Idondoshe pale ambapo ulimi wa paka haufiki. Usiipake wala kuisugua. Nawa mikono, na uwazuie watoto wasimshike hadi pakauke. Kama paka ni wengi, watenganishe ili wasirambane. Na kama nyumbani kuna mbwa aliyewekewa dawa yenye permethrini, paka asilale naye wala asimrambe hadi dawa ikauke kabisa. Rudia kila mwezi kama karatasi inavyoelekeza, na wakati huohuo fagia nyufa, anika mikeka juani, fua matandiko ya paka kwa maji ya moto. Dawa humtibu paka. Ufagio huitibu nyumba. Pia usithubutu kumpulizia paka dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata ukiipunguza kwa maji. Nyingi kati ya hizo ni sumu kwake vilevile.

Sasa mtauliza, wanafunzi wangu: haya yanahusianaje na somo la uraia?

Yanahusiana hivi. Uganda ina Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kazi yake haiishii kwenye dawa za binadamu. Dawa za mifugo nazo zimo. Maandishi yanayotakiwa kuwa juu ya boksi si pambo. Ni haki ya mnunuzi kujua anachokinunua. Muuzaji ana wajibu wa kutouza ushauri asioujua, na mnunuzi ana wajibu wa kusoma. Mimi niliuvunja wajibu wangu, na siwezi kuuficha nyuma ya kosa la muuzaji. Nilirudi dukani kwake nikiwa na boksi mkononi, nikamwonyesha ile picha iliyopigwa mstari. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba yeye hakusoma hadi kufika Kiingereza kile. Nilikuwa nimekuja na hasira, nikaondoka na swali.

Swali lenyewe mama alikuwa ameshaliuliza kwa njia yake, jioni moja akimkuna Mlinzi shingoni: "Na kama ningekuwa peke yangu hapa, nani angenisomea?" Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, itumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria. Mara nyingi wanafunzi huniuliza watakitumia wapi Kiswahili hiki tunachohangaika nacho, ngeli kwa ngeli. Zamani niliwajibu kwa kutaja biashara, jeshi na safari za Mombasa na Dar es Salaam. Sasa naongeza: juu ya boksi la dawa. Lugha ikiwa rasmi katika katiba tu, na isiwe rasmi dukani, mama yangu hajafaidika nayo.

Ndiyo sababu muhula huu nimewapa Kidato cha Pili zoezi ambalo halimo kitabuni. Kila mmoja alete karatasi ya dawa yoyote iliyoko kwao, ya mtu, ya mnyama au ya shamba, aitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha arudi nyumbani akamsomee mtu asiyejua Kiingereza. Alama nusu ni za sarufi. Nusu nyingine ni za jibu la swali moja: aliyesikiliza alielewa asifanye nini?

Nawe msomaji, lifanye zoezi hilo kabla hujaja kwenye makala yangu ijayo. Mama amekwisha kulifanya. Anazo karatasi zake ndani ya kopo la majani ya chai, na kila niendapo kumsalimu hunikaribisha kiti, hunipa chai, kisha hulileta kopo mezani. "Mwalimu," huniambia, na sasa jina hilo hunifanya nikae wima, "nisomee."